Pwani ya Kumpeleka Tsiry

Antananarivo, 12 Juni 1994

Bakoly mdogo wangu,

Najua utaigeuza bahasha hii mara mbili ukidhani imekosea mlango. Miaka tisa tumetumiana kadi za mwaka mpya tu, mistari miwili na jina, basi. Leo nina shida ya kweli, ndiyo maana nimechukua karatasi nzima.

Ni Tsiry, mwanangu wa pili. Ana miaka minane, na kifua chake hakijapona tangu Aprili. Unaijua baridi ya huku: manyunyu asubuhi, manyunyu jioni, na matofali ya nyumba yanatoa jasho kama mgonjwa. Akianza kukohoa kitanda kinatikisika, na dada yake Mbola hujifanya amelala ili asinione nikilia. Daktari amempima na kumpiga picha. Si kifua kikuu, ashukuriwe Mungu. Lakini aliniambia hivi: "Mama, mpeleke mtoto pwani, wiki tatu. Acheze majini, jua limpige mgongoni. Akirudi bado anakohoa, itabidi tumlaze."

Shemeji yako Naivo hapati ruhusa kule kwenye kiwanda cha uchapaji. Kwa hiyo mwezi wa nane, shule ikishafungwa, nitawapeleka watoto watatu mimi peke yangu. Sasa wapi? Nyumba imegeuka bunge. Naivo amebandika ramani ukutani, na kila mlo mtu anasimama kupiga kampeni. Mbola, ambaye ametimiza kumi na moja na anajua kila kitu, anataka Nosy Be kwa sababu rafiki yake alimwambia huko komba hukaa mabegani mwa watu. Tsiry anataka mahali penye papa, "lakini papa awe mbali kidogo." Kanto ana miaka minne, kwake ni popote, mradi bata wake aende. Naivo anasema Mahavelona, maana kuna mwamba unaozuia mawimbi na mtoto hazami hata akitaka.

Mimi nimefikiria Mahajanga. Wewe ndiye mwenyeji, umeolewa huko. Je, ni mahali pa kupeleka watoto? Nyumba za kupanga karibu na bahari zipo? Niambie kama mwenyeji, si kama ndugu.

Mama hajambo. Macho yameingia ukungu, hasomi tena, mimi ndiye ninayemsomea. Hajui kama nimekuandikia.

Msalimie shemeji Jaotombo na watoto.

Dada yako,
Saholy


Mahajanga, 25 Juni 1994

Dada Saholy,

Barua imefika. Pole sana kwa ugonjwa wa Tsiry.

Umesema nijibu kama mwenyeji, basi sikiliza. Mahajanga si pa watoto. Bahari yetu si ya buluu kama kwenye kalenda. Mto unaleta udongo wote wa milima yenu na kuumwaga hapa, maji ni mekundu kama chai ya maziwa. Mtoto akiingia na kaptura nyeupe anatoka nayo ya kahawia. Mbu wa hapa wanaingia chandarua kwa kupokezana. Joto hilo usiseme. Kuku wamekonda, ukimla mmoja unabaki na njaa na huzuni. Nyumba za kupanga zipo, lakini mwezi wa nane zimejaa watu kutoka huko kwenu, na wenye nyumba hawana haya.

Naivo ana akili. Nenda Mahavelona. Hata jina lenyewe maana yake ni mahali paletapo uhai. Maji yanafika magotini, nazi bei rahisi, na kuna wanawake wanaokupikia kaa mlangoni. Nosy Be achana nayo, ni mbali, na komba aliyezoea watu ni mwizi.

Natumaini Tsiry atapona upesi.

Bakoly


Antananarivo, 6 Julai 1994

Bakoly,

Nilimwonyesha Naivo barua yako akafurahi, akaenda kazini akajigamba. Mwenzake mmoja, Rija, akacheka mpaka akaacha mashine. Yeye mwaka jana aliwapeleka wanawe Mahavelona mwezi huohuo wa nane. Mvua ilinyesha siku kumi na moja kati ya kumi na mbili. Watoto walikaa chumbani wakihesabu mijusi, na siku ya kumi na mbili, jua lilipotoka, basi lilikuwa linapiga honi. Anasema upande ule wa mashariki mwezi wa nane ni mvua tupu, kila mtu anajua. Jua la mwezi wa nane liko kwenu.

Kila mtu anajua, Bakoly. Na wewe unaishi pwani.

Nosy Be tumeitoa. Mwendo wa kufika tu unamaliza wiki, na nauli usiulize. Mbola amenuna siku mbili kwa ajili ya komba. Basi kwenye ramani imebaki pini moja, na iko juu ya mji wako.

Sitaki kukulazimisha. Tunaweza kuja tukapanga chumba upande wa pili wa mji na tusipite mtaani kwako, kama ndivyo unavyotaka. Lakini niambie. Mtoto wangu anakohoa, nawe unamtuma akanyeshewe. Mimi nimekukosea nini?

Saholy


Mahajanga, 15 Julai 1994

Dada,

Nimeona haya kwa habari ya mvua. Ni kweli nilijua. Sikumtakia mtoto mabaya. Nilidhani utasikia harufu ya uongo mapema, uchague kwingine, na sote tubaki na heshima zetu. Nisamehe kwa hilo.

Umeuliza umenikosea nini. Wewe hujanikosea kitu. Wewe angalau ulituma kadi.

Nilipoondoka na Jaotombo, Mama alisimama kwenye ngazi akasema: "Ukitoka mlango huu na mtu wa pwani, kaburi la babu zako usilihesabu." Sawa. Niliacha masomo ya ukunga, niliondoka bila mtu kuja kuniposa kwa adabu, alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini niliandika. Oktoba ile ile nilimwandikia kurasa nne kuomba radhi. Sikujibiwa. Januari nikasikia kifo cha Baba kwenye redio, nikiwa nakata vitunguu. Kimbunga kilikuwa kimekata barabara, magari yamelala mtoni wiki mbili, nami nilikuwa na mimba kubwa. Nikaandika tena nieleze kwa nini sikuja kuzika. Sikujibiwa. Alipozaliwa Soazara nikatuma picha yake, nikaandika nyuma: "Huyu hana kosa." Mama hakujibu hata hiyo.

Watu wa kwetu tunasema wanaokaa nyumba moja wakiwa hai hulala kaburi moja wakifa. Mimi sina nyumba hiyo wala kaburi hilo, na nimezoea. Kinachonishinda ni kwamba sasa Soazara ana miaka minane na anauliza, na Feno ana mitano naye ameanza. Mkija nitawaambia hawa ni nani? Watu waliofuata jua, likizama wanaondoka? Nina sababu nyingine pia, ambayo siandiki.

Jaotombo anasema mje. Yeye hukaribisha hata mbwa wa jirani, kwa hiyo usimhesabu.

Sijui, dada. Sijui.

Bakoly


Antananarivo, 22 Julai 1994

Shangazi Bakoly,

(Ni mimi Mbola ninayeandika, lakini maneno ni ya Bibi. Yangu nitayaweka kwenye mabano. Mama yuko shuleni anasahihisha mitihani. Barua yako ililetwa mchana, Bibi akaipapasa akauliza inatoka wapi, nikasema muhuri ni wa Mahajanga. Akasema, "Fungua, soma, na usiruke hata neno." Nikasoma. Alikuwa anamenya mihogo. Nilipofika kwenye picha ya Soazara aliweka kisu chini. Akaiacha mihogo mpaka ikabadilika rangi. Kisha akasema nilete kalamu.)

Bakoly mwanangu,

Hakuna barua yako hata moja iliyosomwa mbele yangu. Si ya kwanza, si ya pili, na picha sijaishika. Miaka tisa nimekaa nikisema, mtoto niliyemnyonyesha hakuja kumzika baba yake na wala hakutuma neno. Nilikuwa nimekukasirikia kwa sababu hiyo, na ile ya Jaotombo ilikwisha zamani, mwaka wa kwanza tu. Nilikuwa nangoja neno lako. Kumbe nawe ulikuwa unangoja langu.

Sijui barua zilipotelea wapi. (Bibi anasema hajui, lakini alivyosema alitazama kiti cha Mama.) Hilo nitalishughulikia mwenyewe.

Lile neno la kaburi nililisema mimi. Sitamsingizia mtu, wala shetani. Nililisema nikiwa nimesimama, na majirani walisikia. Neno lililotoka mdomoni halifutwi kwa posta. Mzazi aliyelisema ndiye anayepaswa kwenda na maji na kuliondoa kwa mdomo uleule. Kwa hiyo watoto watakwenda Mahajanga, nami nitakwenda nao. Ukinifungia mlango nitakaa barazani, nina mkeka wangu.

(Shangazi, Bibi hajawahi kupanda gari zaidi ya kwenda sokoni. Anatapika.)

(Tena anasema nisiandike hilo la kutapika. Nimeshaandika kwa wino.)

Nakubusu uso. Wabusu watoto.

Mama yako,
Rasoanoro
(na Mbola)


Antananarivo, 24 Julai 1994

Bakoly,

Umeshaipata ya Mama, au utaipata pamoja na hii. Mbola aliipeleka posta kabla sijarudi nyumbani.

Barua zako ninazo mimi. Zote mbili, na picha. Ziko ndani ya sanduku la nguo, chini ya shela langu la harusi.

Nisikilize, kisha ufanye utakalo. Ya kwanza ilifika Oktoba ile, Baba akiwa kitandani, na daktari alikuwa amesema asishtuliwe. Nikasema nitampa Mama barua Baba akipata nafuu. Hakupata nafuu. Ya pili ilipofika ilianza hivi: "Kama nilivyokuandikia katika barua ya kwanza." Ningempaje Mama hiyo bila kuulizwa ya kwanza iko wapi? Ndani ya nyumba kulikuwa na msiba, na Mama alikuwa akilaani kutokuja kwako mbele ya wageni, nami nikanyamaza. Baada ya hapo uongo ukawa mtoto wangu wa kwanza, Bakoly. Ilibidi niulishe kila siku. Picha ya Soazara nimeitazama mara nyingi kuliko picha za watoto wangu. Kadi za mwaka mpya nilikuwa nazituma kwa sababu hiyo. Si kwa wema.

Nilipokuandikia juu ya Tsiry, kukohoa kwake ni kweli tupu. Lakini ni kweli pia kwamba daktari aliposema "pwani" nilisikia moyoni "Mahajanga", nikafurahi kupata kisingizio.

Juzi jioni Mama aliniita. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Leta." Nikaleta sanduku. Alizishika bahasha moja moja, akazinusa. Akasema, "Sisomewi na wewe. Nitasomewa na aliyeziandika." Tangu hapo ananiambia "asante" na "nipe chumvi", si zaidi.

Sasa kuchagua hakuko mikononi mwangu tena. Ukisema tusije, nitampeleka Tsiry kokote, hata kwenye mvua, na Mama nitamweleza. Ukisema tuje, tutafika tarehe 14 Agosti. Lolote utakalosema ni haki yako.

Saholy


Mahajanga, 3 Agosti 1994

Njooni.

Msilete nyama ya nguruwe wala soseji, ukoo wa Jaotombo ni mwiko kwao, na hata basi litawakataa. Blanketi moja linatosha, tena mtalikalia. Leteni majani ya huko ya mboga, yale machungu kidogo, na... sijui jina wanaloliita siku hizi, yale matunda mekundu madogo ya mlimani, kama yapo sokoni. Nayatamani mpaka nayaota.

Mama mpeni tangawizi mbichi atafune njiani, akae mbele karibu na dereva, atazame mbali. Asiangalie miguu yake.

Watoto wanalala na wanangu. Mama analala kitandani kwetu. Bata abaki.

Kuhusu wewe, Saholy, sijui. Tukionana nitajua.

B.


Mahajanga, 23 Agosti 1994

Mume wangu Naivo,

Samahani kwa kukaa siku tisa bila kuandika. Kwanza lile unalolingoja: Tsiry hakohoi. Siku ya tatu alikohoa mara mbili asubuhi, siku ya tano mara moja, na tangu juzi sijasikia kitu. Amekuwa mweusi, anakula kama mfanyakazi wa bandari. Anashinda ufukweni na binamu zake, na maji kweli ni mekundu kama Bakoly alivyosema. Kaptura zote zimekwisha. Papa hajamwona, na ameniambia faraghani kwamba ameridhika.

Sasa nikueleze tulivyofika.

Gari lilitushusha saa tatu asubuhi. Mama alikuwa ametapika mara nne na kumsifu dereva kila mara. Tulipanda vigari vinavyovutwa na watu, Kanto akashangilia, na tukafika kwenye nyumba ndogo ya mabati yenye ua safi. Jaotombo alikuwa amesimama mlangoni na shati jipya, alama za kukunjwa dukani bado zinaonekana. Unajua watu wetu wa milimani wanavyosema kwamba watu wa pwani wana mikia, nao wanajua tunavyosema. Akamshika Mama mkono amshushe, akasema, "Karibu, Mama. Mkia wangu nimeuacha ndani."

Mama akamtazama kwa macho yake yenye ukungu. Akasema, "Ungetoka nao. Nimesafiri usiku kucha kuuona."

Naivo, mtu yule alicheka mpaka akakaa chini. Watoto wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Ndipo Bakoly akatoka. Ni mjamzito. Miezi saba, tumbo limetangulia kama ngoma. Hiyo ndiyo sababu ambayo hakuiandika. Mama hakuliona mara moja. Alinyoosha mikono, mikono ikagonga tumbo, akaiacha palepale. Bakoly akasema, "Mama, usiguse kwanza. Yule wa kabla ya huyu aliishi siku tatu. Mwaka juzi. Nilisema ni neno lako limemfikia."

Nilitamani ardhi inimeze.

Mama hakulia. Akasema kwa sauti ya kuamrisha, kama enzi zetu tukiwa wadogo, "Sahani nyeupe. Maji. Sasa hivi, hata chai sijanywa." Jaotombo akakimbia. Sahani haikuwepo nyeupe, ilikuwepo yenye maua. Akaenda kuazima kwa jirani, na jirani akaja nayo mwenyewe, akaja na wengine watatu. Mama akasimama uani na vumbi la safari, mchafu, kilemba kimelegea. Akachovya mkono akasema, "Nililisema mbele ya watu, naliondoa mbele ya watu. Nilisema kwa hasira, na sikuwa na haki ya kusema. Kaburi la baba yako lina nafasi yako, na ya mume wako, na ya watoto wako, wakitaka. Lakini lisiwahitaji mapema. Huyu aliye tumboni aishi, aote meno, ayapoteze, aote mengine." Akamnyunyizia Bakoly kichwani, akamnyunyizia tumboni, akamnyunyizia Jaotombo, ambaye alikuwa ameshainama kabla hajaitwa. Maji yaliyobaki akawamwagia watoto wote watano, na Kanto akauliza kama yapo zaidi.

Kisha akatapika mara ya tano. Jirani akashika sahani yake akaondoka nayo upesi.

Kwangu mambo hayakuwa mepesi hivyo. Siku sita Bakoly alinihudumia kama mgeni wa hotelini. "Umeoga? Maji yapo. Wali unatosha?" Mwenyewe nilikuwa namuogopa kuliko mwalimu mkuu. Jioni anakaa na Mama anamsomea zile barua, mlango wazi, nami nasikia nikiwa jikoni. Ukurasa mmoja kwa siku. Mama anamkatiza: "Hapo ulikuwa na kiburi." Bakoly anajibu: "Nilikuwa na miaka ishirini na mbili!" Halafu wanacheka wote wawili.

Juzi tulikwenda ufukwe wa mbali, ule wenye mchanga mpana. Bakoly akaniambia tutembee. Tulitembea mpaka watoto wakawa wadogo kama kunguru. Akasimama.

Akasema, "Siku tatu, Saholy. Nilimzika mwenyewe, nikarudi nikasafisha nyumba. Kila nilipolala nilisikia lile neno kwenye ngazi. Na wewe ulikuwa na barua zangu chini ya shela."

"Ndiyo," nikasema.

"Ungempa Mama moja tu, lile neno lingeondoka zamani."

"Ndiyo."

"Sema kitu kingine!"

"Sina."

"Huna! Mwalimu mzima, huna!" Akavua ndala akanirushia. Na tumbo lile, Naivo, alirusha vibaya. Ndala ikapita juu ya kichwa changu ikatua majini. Akavua ya pili, akarusha, hiyo ikanipata shavuni. Nikasimama tu. Kisha akatazama baharini akapiga kelele, "Ni za Jaotombo!" Na ile ya kwanza ilikuwa inakwenda zake, wimbi linaivuta. Nikaingia na gauni, maji yakanifika kifuani, mimi nisiyejua kuogelea. Nyuma yangu nikamsikia: "Rudi, mwendawazimu! Iache! Saholy, rudi!" Sikurudi mpaka nimeishika. Nilipotoka alikuwa amekaa mchangani analia, nami nikakaa nikalia, na watoto wakaja mbio wakidhani mtoto amezaliwa.

Hakusema amenisamehe. Usiku ule aliniwekea kipande cha samaki cha kichwani, kile ninachokipenda, bila kuniuliza. Nimekula mpaka mifupa.

Tutarudi tarehe 4. Mama harudi. Amesema atakaa mpaka mjukuu azaliwe, na anayetaka kumrudisha alete farasi. Usimtafutie hoja, hutashinda. Mlishe bata.

Mkeo,
Saholy


Mahajanga, 17 Oktoba 1994

Kwa dada yetu Saholy,

Mimi ni fundi wa majokofu, kalamu si kazi yangu, kwa hiyo utanivumilia. Bakoly bado kalala, na amesema niandike mimi kwa sababu mwandiko wangu mkubwa Mama ataweza kuuona kidogo na kuhakikisha sijasema uongo.

Amezaliwa Jumatano alfajiri, msichana. Ningeandika siku ileile; nilikuwa na karatasi tayari tangu mwezi wa tisa. Bakoly akanikataza. Akasema, "Usimwandikie mtu yeyote mpaka siku ya nne ipite." Basi tulikaa. Siku ya kwanza hakuna aliyesema jina. Siku ya pili mtoto aligoma kunyonya saa nzima, na mimi nikazunguka nyumba mara ngapi sijui, mpaka jirani akaniita kichaa. Siku ya tatu ilikuwa ndefu, dada. Ilikuwa ndefu sana. Hakuna aliyepika. Mama alimshika mtoto kifuani tangu asubuhi hadi taa zikawashwa, hakumpa mtu, hata mimi baba yake niliomba nikanyimwa. Alikuwa anamsemesha tu, maneno ya huko kwenu, sikuyashika yote. Asubuhi ya nne mtoto akapiga ukelele wa njaa kama honi ya meli, Soazara akaanguka kutoka kitandani. Bakoly akacheka, akasema, "Jaotombo, weka sufuria ya wali." Hivyo ndivyo nilivyojua tumevuka.

Leo ni siku ya sita. Ananyonya, anajisaidia, analala, anafoka. Mama anasema macho yake hayaoni vizuri lakini masikio yanamtosha kujua mtoto ni mnene.

Tulifurahi kusikia Tsiry amecheza mpira kwenye manyunyu na hakukohoa. Mwambie tunamtunzia papa wake.

Nilimuuliza Bakoly nimalize barua na nini, maana mimi nilitaka kuandika "wasalamu" na kulala. Alikuwa anamtazama mtoto.

Akasema, "Mwambie Saholy kwamba mtoto amechukua pua yake, bahati mbaya. Mwambie aje."

Shemeji yako,
Jaotombo